Ukitaka kuwasoma CLAMP, usianze na X

Mimi nilianza na X, manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) ya kundi la watunzi liitwalo CLAMP. Nilizisoma juzuu zote 18 mfululizo, usiku hadi usiku, roho juu: Kamui amerudi Tokyo, dunia iko ukingoni, rafiki wa utotoni amegeuka adui. Halafu hadithi ikakatika. Ilianza kuchapishwa 1992, ikasimama 2003, na mpaka leo haijamaliziwa. Nilibaki na juzuu ya mwisho mapajani kama abiria aliyeshushwa porini, na karibu mwaka mzima sikugusa manga.

Kwa hiyo shika kwanza Cardcaptor Sakura. Juzuu 12, hadithi imetimia. Sakura ni mtoto wa darasa la nne anayekusanya kadi za uchawi zilizotawanyika. Iliandikiwa wasichana wadogo, lakini usiidharau hata kidogo. Tazama mistari ilivyo myembamba, weusi ulivyo haba, maua yanavyovuka mipaka ya visanduku vya michoro. Kama ulipita madrasa, hutahangaika: kitabu kinafunguliwa kutoka kulia, na visanduku vinasomwa vivyo hivyo.

CLAMP ni wanawake wanne. Nanase Ohkawa anaandika hadithi. Mokona, Tsubaki Nekoi na Satsuki Igarashi wanachora. Walianza miaka ya 1980 wakiwa wengi zaidi ya hapo, wakijichapishia vijitabu wenyewe, na 1989 wakaingia kwenye majarida na manga yao RG Veda. Ninachowapendea ni kwamba hawana mkono mmoja. Kila hadithi huitafutia mchoro wake, kama fundi anayekata nguo kwa kipimo cha mvaaji.

Utaliona hilo ukitoka kwa Sakura ukaingia xxxHOLiC. Watanuki, kijana anayeandamwa na mizimu, anaingia duka la Yuuko, mwanamke anayetimiza haja za watu kwa malipo yanayolingana nazo. Hapa wino ni mzito. Nywele za Yuuko zinameza sehemu kubwa ya ukurasa, na moshi wa kiko chake unajipinda taratibu mpaka jicho lako linaufuata bila kuambiwa. Kurasa za namna hiyo nilikuwa nazipita mbio nikitafuta maneno. Siku hizi kila sura naisoma mara mbili: ya kwanza kwa hadithi, ya pili sisomi hata neno, naangalia mikono, macho, na sehemu zilizoachwa nyeupe. Fanya hivyo, hata kama una haraka ya kujua kitakachofuata.

Na Tsubasa, manga yao nyingine, uisome sambamba na xxxHOLiC, juzuu kwa juzuu. Zote mbili zilianza 2003, na yanayotokea huku yanafumbuliwa kule. Aliyesoma moja peke yake atafika mwishoni na maswali mengi.

Baada ya hapo, X. Mimi nimeirudia mwaka huu, nikijua tangu mwanzo kwamba haina mwisho, na safari hii nilikuwa nikisimama kwenye zile kurasa pana za manyoya na minara inayoanguka, nikizitazama hadi chai inapoa.