Gofu Gerejini: Pima Kabla ya Kununua

SWALI: Masika yakianza kiwanja chetu hujaa maji na gofu husimama. Nina gereji yenye upana wa mita 3.5, urefu mita 6, na dari ya mita 2.7. Nataka tucheze humo mimi, mke wangu na kijana wetu anayetumia kiti cha magurudumu. Nianze kununua nini? – Msomaji, Moshi

JIBU: Usinunue kitu bado. Shika dreva (fimbo ndefu kuliko zote), simama juu ya zulia utakalopigia (nalo linakula sentimita 4 au 5 za dari), uizungushe polepole huku mwenzako akitazama kichwa cha fimbo kinapopita juu. Kikibakiza chini ya upana wa kiganja, dreva isitumike humo. Utaanza kujikunja kwa kuogopa dari, na kosa hilo utaenda nalo hadi kiwanjani. Dari ya mita 3 huwatosha wengi; kwa dari yenu, aliye mrefu abaki na fimbo za chuma, ambazo ni fupi kuliko dreva.

Kwa kijana, shida si dari, ni upana. Anayepiga ameketi huzungusha fimbo ikiwa imelala zaidi, hivyo hugonga ukuta wa pembeni. Mpime naye, breki zikiwa zimefungwa. Kiti kipandishwe juu ya plaiwudi yenye unene sawa na zulia. Mpira ukiwa juu kuliko magurudumu, fimbo italigonga zulia kabla ya mpira.

Turubai la kupokea mpira lining'inie sentimita 40 kutoka ukutani, kwa kamba za mpira, lilegee kidogo. Likikazwa kama ngozi ya ngoma, mpira unakurudia usoni. Mabomba ya fremu yavishe sponji. Piga ukiwa mita 3 kutoka turubai. Nyuma zitabaki mita 2.6, ambazo ni finyu kwa kipimo cha rada (kifaa kinachosoma mpira ulivyoruka) kinachokaa nyuma ya mchezaji. Chukua cha kamera, hukaa kando ya mpira. Jua lisipige hapo, maana likipiga kamera haitauona mpira vizuri.

Zulia jembamba juu ya saruji huumiza viwiko, kwa hiyo tandika raba chini yake. Tena zulia hudanganya: fimbo ikitua nyuma ya mpira huteleza, na pigo baya likaonekana safi. Laza taulo sentimita 10 nyuma ya mpira, fimbo ikiigusa, umekosea.

Pesa zikiwa haba, projekta na kompyuta za kuonyesha kiwanja kwenye turubai zisubiri. Wavu badala ya turubai, zulia, na kapeti ya mita 3 ya kusukumia mpira taratibu kuelekea shimo, iliyochorwa duara la milimita 108, upana halisi wa shimo, vitawatosha masika yote, hata umeme ukikatika.