Nilipoacha kuhesabu sura

Kwa miaka mingi nilisoma Biblia kwa ratiba ya mwaka mmoja. Sura ni 1,189, kwa hiyo ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili, unamaliza. Mimi nilimaliza mara mbili tu. Miaka mingine nilikwama Mambo ya Walawi, au nilifika Hesabu 7, pale viongozi 12 wanapoleta sadaka ileile kwa siku 12, nikawa napitisha macho tu ili niweke alama ya vema kwenye karatasi. Kinachonichekesha ni kwamba ile miaka niliyomaliza ndiyo sikumbuki nilichosoma.

Mwaka mmoja ratiba ikanishinda mapema, nikaamua, nusu kwa hasira, kukaa na kitabu kimoja. Nikachukua Marko kwa kuwa ni kifupi. Nikaisoma yote kwa mkao mmoja, kwa sauti. Wiki iliyofuata tena, na iliyofuata tena. Safari ya tatu ndipo nikasikia neno "mara". Mara wakaziacha nyavu zao. Mara Roho akamtoa aende nyikani. Marko anasimulia kama mtu aliyekuja mbio na habari! Macho yangu yalikuwa yamelipita neno hilo miaka yote. Sikio ndilo lililolidaka.

Halafu sura ya 4. Dhoruba imechacha, na Yesu yuko "katika shetri, amelala juu ya mto". Tangu utotoni nilidhani ni mto wa maji, na kwa kuwa walikuwa chomboni, sikuona tatizo lolote. Kumbe ni mto wa kulalia! Shetri nayo ilinipeleka kwenye kamusi: ni sehemu ya nyuma ya chombo. Mathayo na Luka wanasimulia dhoruba hiyohiyo, ila mto hawautaji. Asubuhi ile sikwenda mbele zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitakwambia kwanza usome kwa mdomo, na urudie kitabu kifupi mpaka kianze kukushangaza. Ukishazoea Union Version, ile tafsiri ya zamani, hadi unaimalizia mistari kabla hujaisoma, hamia tafsiri ya Habari Njema kwa miezi kadhaa, kisha urudi. Nunua pia nakala isiyo na mistari ya kalamu, maana zile alama za zamani huniambia nisimame wapi, na mimi hutii kama mtoto. Siku ukikosa, usilipe deni. Kusoma sura tisa usiku ili kufidia ndiko kulikonichosha.

Daftari ninalo, lakini siandiki mafunzo. Naandika swali moja. Sasa hivi niko Filemoni, barua ya Paulo yenye mistari 25 tu, wiki ya tatu, na swali ni lilelile: Onesimo, mtumwa anayerudishwa kwa bwana wake Filemoni, alipobisha hodi na barua mkononi, alifunguliwa na nani?