Jibu: Matapishi ya pepo hayaruki, yanadondoka tu

Mkuu, umeuliza kwa nini matapishi ya kijani kwenye filamu yenu ya vichekesho vya kupunga pepo, hapo Kampala, yanadondoka badala ya kuruka. Tatizo ni uji wa mahindi mnaotumia: ukipoa huganda, na mpira wa kuupitishia wa milimita 6 ni mwembamba mno.

Chemsha nusu kilo ya njegere, saga, chuja mara mbili kwa kitambaa. Punje moja tu inaziba. Ongeza maji ya vuguvugu mpaka mchanganyiko utiririke kama mtindi wa kunywa. Maziwa usitie, yatachacha chini ya taa. Chukua mpira wenye tundu la milimita 12, upitishe shavuni upande usioonekana na kamera, uishie pembeni mwa midomo. Usiingizwe kinywani kamwe, mwigizaji atapaliwa! Ujaze kwanza hadi hewa yote itoke, la sivyo mpira unapiga chafya ovyo. Chupa laini ya lita 1.5 ikibanwa kwa mikono miwili inatosha. Mwigizaji ateme funda alilonalo mdomoni, na papo hapo msaidizi abane.

Kichekesho chenyewe kionekane kwa macho, maana kwenye vibanda vya video VJ, yule mtafsiri wa filamu kwa sauti, atazungumza Kiganda juu ya maneno yenu yote. Padri amalize sala ndefu, kimya sekunde tatu, matapishi, kisha kamera ibaki usoni pake akipapasa kitambaa cha kufutia miwani. Mkikata mapema, kicheko kinakufa.

Andaeni kanzu tatu za padri.