Malengelenge ya Sehemu za Siri: Maswali Yenu

Nimeolewa miaka sita, sasa nimetokwa na malengelenge ukeni. Mume wangu ametoka nje ya ndoa? (Mama, Ujiji)

Huenda, huenda pia sivyo. Kirusi cha hepesi, kinacholeta malengelenge haya, hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, kikakaa miaka bila dalili, kwako au kwake. Wengi walio nacho hawajijui. Kipimo cha damu kinaonyesha kama unacho. Hakisemi ulikipata lini wala kwa nani. Kabla ya kuita wazee, nendeni kituo cha afya wote wawili, mpime na VVU na kaswende. Kidonda kisichouma mara nyingi ni kaswende, na hiyo inapona kabisa kwa sindano.

Nisipokuwa na vidonda, naweza kumwambukiza mwenzangu? (Kijana, Kasulu)

Ndiyo, ingawa si kwa urahisi kama wakati wa vidonda. Hatari hupanda hata kabla lengelenge halijatokeza: unasikia muwasho, ganzi au kuchomachoma palepale pa siku zote. Hapo acheni tendo, la mdomo likiwemo, mpaka magamba yadondoke na ngozi ifunge. Kondomu hupunguza hatari ila haifuniki korodani, mapaja wala mashavu ya uke. Vikikurudia mara kwa mara, mwombe daktari asaiklovia, dawa ya kuzuia kirusi hiki, ya kila siku, kwa kawaida miligramu 400 asubuhi na jioni. Vidonda vitapungua na virusi vinavyotoka vitapungua. Kirusi chenyewe hakiondoki.

Duka la dawa wamenipa tyubu ya kupaka tu. (Mwanga)

Ya kupaka haisaidii sana. Vidonda vinapotoka mara ya kwanza hutumika vidonge vya asaiklovia: miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 7 hadi 10, na vinafaa zaidi ukianza ndani ya siku tatu. Dawa ya kuua vijidudu vya sakafuni usiiguse, inaunguza. Mkojo ukichoma, jimwagie maji ya uvuguvugu huku ukikojoa.

Choo cha wapangaji kinaambukiza?

Hapana.

Nina mimba ya miezi minane na mume wangu anayo hii shida. (Uvinza)

Kama wewe hujawahi kuipata, msikutane hadi ujifungue, kwa mdomo pia: maambukizi mapya mwishoni mwa mimba ndiyo hatari kubwa kwa mtoto. Kama unayo ya zamani, hatari ni ndogo, lakini mwambie mkunga mapema, kwani vidonda vikiwepo siku ya uchungu daktari hupendekeza upasuaji wa kumtoa mtoto, na upasuaji haufanyiki kila zahanati.