Mshipa wa baba umetengenezwa; je, sisi watoto tukapimwe?

SWALI

Daktari, baba yetu ana umri wa miaka 74. Miezi mitano iliyopita alikwenda kupimwa figo kwa altrasaundi, na mtaalamu aliyempima hakuishia kwenye figo. Alipoona kitu asichokiamini katikati ya tumbo, alisogeza kifaa chake hadi hapo, akapima, kisha akatoka kwenda kumwita daktari. Mshipa mkuu wa damu ulikuwa umetanuka kufikia sentimita 6.3, na baba hakuwa na maumivu yoyote. Baada ya wiki mbili alifanyiwa upasuaji wa tumbo, mahali palipotanuka pakawekwa bomba la kitambaa maalumu, na leo anatembea mwenyewe. Shukrani zetu hazina kipimo. Hata hivyo, baba anasema kwamba amekwisha kupona na haoni haja ya dawa. Mimi ni mtoto wa kwanza, nina miaka 51, na najiuliza kama ugonjwa huu hurithiwa, hasa kwa kuwa mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 47, anavuta sigara kama alivyovuta baba. Tufanye nini, na waliomwokoa tuwashukuruje?

JIBU

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekaa zaidi pale unaposema kwamba baba hakuwa na maumivu, kwa sababu huo ndio ukatili wa maradhi haya. Mshipa huo, yaani aota, ukiwa tumboni huwa na upana wa takribani sentimita 2. Ukifikia 3 huhesabiwa kuwa umetanuka, na ukifikia 5.5 kwa mwanamume, au 5 kwa mwanamke, madaktari huanza kuzungumzia upasuaji, kwa kuwa kuanzia hapo hatari ya kupasuka huzidi hatari ya kisu. Ukipasuka, wengi hufariki kabla ya kufika hospitali. Albert Einstein alifariki kwa namna hiyo mwaka 1955, miaka 4 tu baada ya daktari mpasuaji Charles Dubost kufanikiwa, jijini Paris, kuondoa aota iliyotanuka tumboni na kuweka mshipa mwingine mahali pake. Baba yako amenufaika na elimu ambayo haijazidi sana umri wa mtu mmoja.

Kuhusu dawa, naomba umweleze baba kwa upole kwamba kilichotengenezwa ni kipande kimoja cha mshipa, ilhali maradhi yaliyokiharibu hayachagui kipande. Dawa za kushusha lehemu na shinikizo la damu zinaulinda moyo wake na ubongo wake, na asiache hata moja bila kuzungumza na daktari aliyemwandikia. Mwulizeni pia daktari wake kama mishipa ya nyuma ya magoti imeangaliwa, kwani mara nyingine nayo hutanuka kwa wagonjwa wa aina hii. Akipata homa isiyoelezeka, maumivu makali ya tumbo au mgongo, au choo cheusi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na mtaje upasuaji aliofanyiwa.

Sasa nije kwenu. Ndiyo, mtoto au ndugu wa damu wa mgonjwa ana hatari kubwa zaidi ya mtu mwingine, na wanaume hupatwa zaidi ya wanawake. Uingereza huwaalika wanaume wote kupimwa wanapotimiza miaka 65, lakini kwa wenye mgonjwa katika familia, miongozo ya Ulaya inazungumzia kuanza mapema zaidi, kwenye miaka 50. Kwa hiyo wewe usisubiri. Mweleze daktari historia ya baba kwa ukamilifu, pamoja na zile sentimita 6.3, naye akuandikie altrasaundi ya aota. Utalala chali, utapakwa jeli tumboni, na baada ya dakika chache mtakuwa mmemaliza; hakuna sindano wala mionzi. Hata wakikuta umetanuka kidogo, jambo la kawaida ni kuufuatilia kwa vipimo, si kukimbilia chumba cha upasuaji.

Mdogo wako anaweza kuafikiana na daktari kuhusu wakati wa kupimwa, lakini sigara haifai kusubiri siku hiyo. Hakuna kinachochochea maradhi haya kuliko uvutaji, na anayeacha hupunguza hatari yake hata kama amevuta kwa miaka mingi. Nisingependa mumkaripie. Mwombeni baba azungumze naye wakiwa wawili tu, na akiridhia, amwonyeshe kovu lake.

Mmeuliza namna ya kushukuru. Upasuaji wa kufungua tumbo mara nyingi huhitaji damu, na damu hiyo hutolewa na watu ambao mgonjwa hatawaona kamwe. Wale kati yenu wenye afya na umri unaoruhusiwa mnaweza kuchangia damu kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Daktari mpasuaji bila shaka mmekwisha kumshukuru. Lakini yule wa altrasaundi aliombwa kupima figo tu, na huenda hadi leo hajui mgonjwa wake aliishia wapi, kwa kuwa watu wa kazi yake huona picha na mara chache sana husikia habari za baadaye. Mwandikieni barua, mtaje tarehe ya kipimo, na mwelezeni kwamba baba anatembea.