Ng'ombe Wangu Anazuia Maziwa

SWALI: Mhariri, ninafuga ng'ombe wawili aina ya Friesian hapa Ruai, Nairobi. Tangu nimwajiri kijana mpya wa kukamua, mmoja wao hurusha mateke, hutoa kinyesi mara tu anapofungwa, na maziwa yamepungua ilhali chakula ni kile kile. Kijana anataka tumfunge miguu kwa kamba. Je, ng'ombe huyu amekuwa mkaidi?
Mfugaji, Ruai

JIBU: Ndugu mfugaji, tafadhali usimfunge miguu. Dalili ulizozitaja ni za hofu au maumivu, na kamba itazidisha yote mawili.

Anza na maumivu. Kamua matone ya kwanza ya kila chuchu katika kikombe cheusi. Ukiona mabonge au maji maji, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa kiwele kinachouma humfanya hata ng'ombe mpole apige teke.

Maziwa yakiwa safi, mtazame kijana anapoingia bandani. Ng'ombe anayerudi nyuma, akabana mkia katikati ya miguu na kumfuata mtu kwa macho, anamwogopa mtu huyo, kwani ng'ombe huwatambua watu na humkumbuka aliyempiga. Kiwele kinapooshwa na kupanguswa, ubongo hutoa homoni ya oksitosini, ambayo huminya vifuko vya maziwa hadi yashuke kwenye chuchu. Lakini ng'ombe aliyeshtuka hutoa adrenalini, nayo huzuia kazi hiyo, hivyo maziwa yamo kiweleni ila hayatoki. Yakizoea kubaki humo, mwili hupunguza kuyatengeneza, na hasara hiyo ni vigumu kuirudisha katika mzao huo, yaani hadi azae tena.

Kagua pia banda lenyewe: paa la mabati lililo chini huleta joto kali mchana, na ng'ombe wa maziwa anahitaji mahali pakavu pa kulala kwa saa 10 hadi 14 kwa siku.

Kwa sasa mkamue wewe mwenyewe, kwa saa zile zile, huku kijana akimlisha na kuzungumza naye kwa sauti ya chini bila fimbo mkononi, akimsogelea kutoka ubavuni. Ng'ombe akishamzoea, mrudishie ndoo. Akishindwa kuiacha fimbo, mpe kazi ya kukata majani, umtafute mkamuaji mwingine.