Chora foromali kwanza, tanga lifuate

Dada, umeuliza kwa nini jahazi unalochora ukutani kwenye mgahawa wako hapo Moshi halikai kama jahazi. Tatizo ni mlingoti. Wa jahazi huegemea mbele kidogo, hausimami wima. Tanga nalo halifungwi mlingotini, linaning'inia kwenye foromali, boriti ndefu ya mshazari iliyoungwa vipande kwa kamba. Uzuri wote uko hapo!

Ukitaka kuonyesha ujenzi, chora mataruma, yaani mbavu za chombo, yaliyochongwa kwa tezo (kifaa cha kuchongea mbao) kutoka matawi yaliyojipinda yenyewe, na fundi akipiga kalafati, anashindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao. Ila ukichora mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, usiweke msumari hata mmoja. Ule ulishonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba.